Maradhi Karibu na Tumbo

Kabla ya vita vya Wajerumani, nikiwa msichana, nilifuatana na shangazi yangu kwa mwalimu wa dini hapa Amu, mji wa Lamu. Shangazi alikaribia miaka hamsini, na damu yake ilikuwa haina mpango tena: mara hukatika, mara hutoka wiki juu ya wiki. Yeye aliihesabu yote kuwa hedhi, akaacha sala. Kwa miaka miwili alipitisha miezi mingi bila kusujudu.

Mumewe aliketi dakani kwa mwalimu, kwenye baraza ya mlangoni, pamoja na wanaume. Sisi tulisimama nyuma ya mlango.

"Kuna mtu, mwalimu, ana maradhi," akasema mumewe, akichezea ncha ya kilemba.

"Maradhi ya nini?"

"Ya ndani."

"Tumbo?"

"Karibu na tumbo."

"Mpe tangawizi, bwana!" mmoja akadakia, wakacheka.

Shangazi akagonga mlango kwa pete yake. "Ni damu, mwalimu. Leo siku ya arubaini."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akainamisha macho. "Ikipita siku kumi na tano si hedhi tena, Bi. Jikoshe, utie udhu kwa kila sala, usali."

"Na nilizoacha?"

"Utazilipa."

Punda akiumwa, wanaume wetu huyaeleza maradhi yake kiungo kwa kiungo. Jibu la shangazi lilikuwa kwa mwalimu, mlango wa tatu kutoka kwetu, muda wote ule. Nami niliuona msala wake wa kusalia umekunjwa, nisiulize.

Alizilipa sala hizo kila siku mpaka alipofariki. Sijui kama zilitimia.