Matofali ya Kuchapwa

Mzee Tokuji alipiga lipu miaka hamsini, na ubishi aliufuzu kabla hata hajashika mwiko. Kuta zake za udongo na majani ya mpunga, juu chokaa, bado zimesimama huko Saitama, Japani, na za nyumba yake mwenyewe ndizo alizozipenda kuliko zote. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo kwamba bintiye wa pekee amenunua nyumba ambayo ukuta unaletwa na lori, vipande vipande, umeshachapwa picha ya matofali. Makubwa!

"Umechapwa?" aliuliza. "Kama gazeti?"

"Kama gazeti, Baba," Chinatsu akamjibu, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. "Ila gazeti hili halivuji."

Chinatsu alikuwa amewatengea wazazi wake chumba. Bi Sumie, mke wa mzee, alishakubali. Alisema wazi kwamba mwisho wa mwezi anahama, na mumewe akitaka abaki na kuta zake, zimpikie. Mzee akaingiwa na hofu. Hata yai hajui kulichemsha, na kulala bila Sumie hakuwahi. Akaona dawa ni moja tu: aende akaikague nyumba hiyo, aipate kasoro, mke aghairi.

Wakaenda wote wawili, Januari hiyo, barafu imeganda barabarani. Bi Sumie akaingia ndani kwa bintiye, mzee akaanzia nje. Akagonga matofali: ko, ko.

"Tupu!"

Akagonga nguzo ya mawe. "Tupu! Jiwe gani linaitika kama ndoo?"

Akagonga mlango wa mbao, kumbe bati. Hasira zikampanda, akazunguka kona akigonga tu, mpaka dirisha likafunguliwa na mama mmoja asiyemjua akachungulia.

"Karibu, mzee. Mlango uko mbele."

Nyumba zenyewe zimefanana na kubanana, na huo ulikuwa ukuta wa jirani! Mzee akainama kuomba radhi mpaka kofia ikadondoka. Chinatsu, aliyekuwa ametoka nje kumtazama, alicheka hadi akauegemea ukuta wa nyumba yake. Ukuta haukutikisika, na mzee aliliona hilo, likamuuma.

Akavua viatu, akaingia, akatoa timazi. Ukuta ukalingana na uzi wake, wima kabisa. Akapima kona zote, zikawa sawa. Akapiga magoti, pua karibu na sakafu, na hapo akapata: karatasi ya ukutani imebanduka, upana wa unywele!

"Mama Chinatsu! Njoo ujionee!"

Bi Sumie akaja. Mzee akainua uso. Mkewe alikuwa na blauzi tu, mikono wazi hadi viwiko. Hana shali, hana soksi mbilimbili. Januari!

"Sweta zako ziko wapi?"

"Nimezivua. Humu mna joto."

"Kwani kule kwetu ulikuwa unasikia baridi?"

"Miaka arobaini na sita."

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Ningeanzia wapi, Baba Chinatsu? Kila mgeni akija, unampapasisha ukuta."

Mzee Tokuji aliona aibu, aibu ya kweli. Akaishika mikono ya mkewe, akaikuta ina moto.

"Chinatsu," akaita, bila kugeuka. "Hicho chumba chetu ni kipi?"