Swali la mama mkwe kwa daktari wa mimba

Leo mama mkwe wangu amembana daktari kwa swali mbele ya watu!

Daktari wa kupandikiza mimba alikuja Lodwar kutoka Nairobi. Sisi tunaotafuta mtoto tukajaa ukumbini.

Akasema, "Kwenye kliniki yetu wengi hufaulu."

Makofi. Mimi ndio nilipiga zaidi.

Mama mkwe, mfugaji wa mbuzi kijijini Kaaleng, akainua mkono.

"Daktari, hao wengi walishika mimba tu, ama walirudi nyumbani na mtoto? Mimi sihesabu mbuzi aliyepandwa. Nahesabu mtoto wa mbuzi anayenyonya."

Nilitamani kujificha chini ya kiti.

"Mama, nilihesabu mimba," daktari akakiri. "Waliojifungua ni wachache kuliko hao."

Ajabu ni kwamba fomu ya kuanza matibabu niliijaza baada ya jibu hilo la kweli, si baada ya makofi.

Wewe ungejaza?