Siku Niliyomtambulisha Mwalimu Mkuu kwa Kiingereza

Najua wengine mmeshaisikia hii habari, na kama mmeisikia kwa mtu wa Mzenga basi imeshatiwa chumvi mpaka imekuwa ng'onda, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe niliyeaibika, kwa mdomo uleule ulioniponza.

Mimi nina duka la rangi na vifaa vya ujenzi pale Maili Moja, naishi Mkuza na mke wangu Zuhura na binti yetu Nasra, na kabla ya duka niliwahi kukaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni waliyokuwa wanafikia watu wa nje, muda mfupi tu, lakini huo muda mfupi nimeutumia mpaka umechakaa. Kila aliyetamka neno la Kiingereza karibu yangu nilimsahihisha. Nilimsahihisha fundi bomba, nilimsahihisha shemeji yangu mbele ya wakwe zake, nilimsahihisha bwana harusi kwenye maiki (na wala sikuwa MC, nilikuwa mwalikwa tu). Watu wakawa wananiita Mzungu, nami kwa ujinga wangu nikadhani wananisifu.

Sasa kwetu ni Mzenga, Kisarawe, ndiko nilikosoma shule ya msingi. Siku moja akanipigia mwalimu mkuu wa ile shule, Mwalimu Rehema, mama mmoja mpole, haongei sana.

"Kaka Shabani, tunapata mgeni kutoka Zambia. Shirika lao linajenga vyoo vya wasichana na matangi ya maji mashuleni, anakuja kutuangalia ndiyo waamue. Tunawaomba nyie mliosoma hapa mje mjaze viti, aone shule ina wenyewe."

Kujaza viti! Mimi! Nikamwambia nitakuja, lakini nitakuja kama mkalimani.

"Nashukuru, ila Kiingereza nitaongea mwenyewe," akasema. "Si ndicho ninachofundisha?"

Hapo ningesema sawa mwalimu, nikakata simu, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Badala yake nikamwambia kwamba kiitifaki mwenyeji hajitambulishi mwenyewe, haipendezi, mgeni atamwona ana njaa ya sifa (itifaki hiyo niliitunga palepale, nimeshika kopo la rangi mkononi). Akasema, "Haya, utanitambulisha. Kunitambulisha tu."

Basi nikaanza kuandaa utambulisho wangu. Nilijua mwalimu mkuu mwanamke anaitwa "headmistress", hilo nililijua, msinidharau kiasi hicho. Kilichonikera ni ile "head". Head ni kichwa, na kila nikilitamka naona kichwa cha treni, kichwa cha samaki, nikaona kumwita mama wa watu kichwa mbele ya mgeni si adabu. Halafu nikakumbuka sekondari tulikuwa na "discipline mistress" na "academic mistress", wote walimu wa kike wa heshima zao, nikajiridhisha kwamba "mistress" ndiyo heshima yenyewe, hiyo head imening'inia tu pale mbele bila kazi. Nikaikata. Zuhura alikuwa anakunja nguo, akaniuliza, "Baba Nasra, umeangalia kwenye kamusi lakini?" Nikamcheka. Mimi nikaangalie kamusi?

Siku ikafika. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, wazazi wamejaa, Zuhura kavaa kitenge kipya. Meza kuu alikaa Mzee Mwinyimvua, mwenyekiti wa kijiji, mkewe Bi Mwanaidi nyuma yake, halafu shehe, halafu katekista. Mgeni aliitwa Mama Chanda, mtu mzima, msalaba mdogo shingoni, uso wa mtu anayesimamia kwaya na hataki mchezo mazoezini. Bahati mbaya kuni za pilau zilikuwa zimelowa na mvua, ikabidi Mwalimu Rehema akimbilie jikoni nyuma ya madarasa. "Kaka Shabani, nisubiri, narudi sasa hivi."

Sikusubiri. Maiki ilikuwa imeshawashwa.

Nikasimama, nikaanza Kiingereza changu kwa ile sauti ya puani: mgeni wetu mpendwa, kiti hiki kitupu unachokiona ni cha "mistress" wetu, Rehema, mwanamke mchapakazi. Nikawageukia wananchi, nikawaambia kwa Kiswahili namsifu Mwalimu Rehema, pigeni makofi. Wakapiga.

Mama Chanda akainama mbele kidogo. "Mistress wa nani?" akauliza.

Nikaona masikini, Kiingereza kinamsumbua. (Ndiyo, nilifikiri hivyo, tena kwa huruma.) Nikarudia taratibu: mistress wetu. Si wangu peke yangu, ni wa kijiji kizima. Mwenyekiti huyu hapa ndiye anayemtegemea zaidi, mambo yakimshinda mchana anamfuata jioni. Shehe naye. Katekista naye. Nikawa namwonyesha mmoja mmoja kwa mkono, na kila niliyemwonyesha aliinuka kidogo kwenye kiti na kuweka mkono kifuani, kwa unyenyekevu mkubwa.

"Na wake zenu?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nikamwambia wake zetu wanampenda kuliko sisi, wanampelekea mpaka mayai. Wa kwangu yule pale! "Mama Nasra, simama mgeni akuone!" Zuhura akasimama na kitenge chake kipya, akatabasamu, akapunga mkono. Mama Chanda hakupunga.

Mtu mwenye akili zake angekaa. Mimi nikaona mgeni amekolea, nikaongeza historia: kwamba mistress wa kwanza alizeeka, akachoka, tukaiandikia serikali ikatuletea huyu mwenye nguvu zaidi, kwamba serikali ndiyo inayomlipa ingawa inachelewesha, na kwamba mazingira yakiboreshwa serikali imeahidi kutuongezea wengine vijana. Wananchi wakapiga makofi bila hata kuambiwa (hakuna aliyeelewa kitu, lakini sisi mtu akikimbiza Kiingereza lazima tumpigie makofi, na waliokuwa wakitikisa vichwa kuliko wote ni hao hao wa meza kuu).

Mama Chanda akavua miwani, akafunga mkoba, akamwambia dereva wake awashe gari.

"Anasemaje?" Mzee Mwinyimvua akaninong'oneza.

"Anashukuru," nikamjibu.

Ndipo Mwalimu Rehema akatokea nyuma ya darasa, moshi umemwingia, macho mekundu, machozi yanatiririka, anajifuta na ncha ya mtandio. Mama Chanda alipomwona anatoka na machozi vile, akamwendea mbiombio, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza kwa Kiingereza, "Dada yangu, walikulazimisha?"

"Ni kuni tu, mama, zimelowa," Rehema akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka ambacho mimi sijawahi kukifikia.

Wakasogea pembeni kwenye gari. Niliwaona wanaongea. Niliona Rehema anaacha mdomo wazi, anageuka kunitazama, anageuka tena kwa mgeni, anaeleza kwa mikono. Mara Mama Chanda akaegemea mlango wa gari akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya gari. Rehema hakucheka. Alikuja moja kwa moja, akanyoosha mkono, nikampa maiki.

"Wazazi wenzangu," akasema, kama vile yuko darasani. "Hili neno mistress zamani lilikuwa la mwanamke mwenye mamlaka nyumbani kwake, au mwalimu wa kike. Hata leo linakaa vizuri likiunganishwa na kazi, kama headmistress, na hilo ni neno moja, halikatwi. Lakini ukilitoa peke yake, mwanamume ukasema mistress wangu, siku hizi watu wanaelewa kitu kimoja tu. Nyumba ndogo." Akavuta pumzi. "Kaka Shabani amemwambia mgeni kwamba mimi ni nyumba ndogo ya kijiji, na kwamba mwenyekiti ananifuata jioni."

Wa kwanza kuinuka alikuwa Bi Mwanaidi.

"Jioni? Mwinyimvua, jioni huwa unakwenda wapi?"

"Nafuatilia madawati, mke wangu!"

"Madawati!"

Hapo turubai zima likaangua kicheko. Katekista alihamisha kiti chake akaenda kukaa mwisho kabisa, na watoto wake. Shehe alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, sijui alikuwa ananiombea au ananiapiza. Nilipomtafuta Zuhura, alikuwa amekaa, amejifunika kitenge kipya mpaka puani. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema kwa nguvu kwamba inategemea, kuna Kiingereza cha Uingereza na kuna cha Marekani.

"Kaka, kaa," Rehema akasema.

Nikakaa. Akamchukua mgeni wakaenda kuviona vyoo wawili tu. Mama Chanda alipopita karibu yangu alinigusa bega, akaniambia kwa Kiingereza cha polepole, kile cha kumwambia mtoto: "Ndugu yangu, mwalimu. Sema mwalimu tu, inatosha."

Vyoo vilijengwa, na tangi likawekwa, kwa hiyo msiniambie niliwaharibia. Ila nilipokwenda kumwomba radhi Mwalimu Rehema, hakunifokea, akaniambia vijana wa kijiweni bado wanamwita vile akipita, wanacheka. "Kukaa kwenye kile kiti mwanamke mpaka watu wakuzoee ni kazi, kaka," akasema. "Na nilikwambia nitaongea mwenyewe." Siku ya uzinduzi nikatumiwa ujumbe: karibu sana, mkalimani tayari tunaye.

Tangu hapo nimeapa: mtu mwenye mdomo wake nitamwacha aseme mwenyewe, na neno la watu nisilolijua vizuri sitalikata wala kuliunga. Mteja akija dukani akasema Kiingereza chake kimepinda, namuuzia rangi anaondoka zake.

Na Zuhura? Siku ile ya aibu tulirudi naye Mkuza, kitenge bado kiko puani. Asubuhi yake alikuwa ananimiminia chai, akasimamisha chupa hewani.

"Baba Nasra, na mke kwa Kiingereza ni nani?"

"Wife," nikasema.

"Una uhakika?"

Nikafungua mdomo nijibu. Halafu nikachukua simu, nikaanza kutafuta kamusi.