Siku niliyotolewa darasani kwa neno chubwi

Jamani, mimi nimewahi kutolewa darasani kwa neno moja tu!

Ni miaka ya sabini, kisomo cha watu wazima, Rahaleo, Mtwara. Mwalimu alituambia kila mtu aandike ubaoni neno analolipenda.

Wenzangu wakaandika uhuru, maendeleo.

Mimi nikaandika CHUBWI.

"Mama Zuhura, hilo neno gani?"

"Jiwe likitumbukia majini, mwalimu. Lisikilize lilivyo tamu: chubwi!"

"Huo ni mlio tu. Futa, au utoke."

Neno la kwanza kuliandika kwa kupenda mwenyewe, nilifute? Nikatoka.

Nikiwa nje nikasikia darasa zima, hadi bibi wa miaka sitini, wanalitamka huku wanacheka.

Mwalimu akanifuata. "Rudi, mama. Nimeliacha ubaoni."

Nyie je, neno gani hamlifuti ng'o?