Neno Lililofungwa Mitwaba

Katika mtaa wote wa mjini uitwao Kenya hapakuwa na fundi wa simu aliyemshinda Vital. Lakini baba yake, mzee Kasonde wa Mitwaba, mbali na mji, alikuwa hajasema naye kwa miaka minne. Vital hakwenda kumzika mama yake. Alisema kazi ilimshika. Mzee akamtamkia: "Utazaa, hautalea." Tangu hapo Vital alizika watoto wawili, na sasa mkewe Dorcelle alikuwa na mimba ya tatu.

Neno la namna hiyo hufunguliwa na mdomo uliolifunga, na mwana aliyetamkiwa hulipokea amepiga magoti juu ya udongo. Kulipokea kwa mdomo wa mwingine ni bure.

Jumanne asubuhi Céline, mdogo wake Vital, alimpigia kwa video kutoka Mitwaba. Pumzi za baba zilikuwa zinakwisha, mvua ilikuwa imekata barabara, na mzee alikubali kulifungua neno palepale, mradi auone uso wa mwanawe.

Karakana ilikuwa ya saruji na imejaa wateja. Vital alipoinuka, mama mmoja akamchokoza: "Fundi, simu yangu utanirudishia siku ya kufufuka?" Wakacheka. Yeye alikwisha kutoka mbio hadi uani penye udongo, akapiga magoti. Kwenye kioo mzee akafungua mdomo.

Picha ikaganda.

Simu ilikuwa imeng'ang'ania Wi-Fi ya karakana, ambayo nyuma ya kuta mbili ilibaki uzi tu, badala ya kuhamia data ya laini. Kila siku aliwaonya wateja waizime kabla ya kutoka. Leo haraka ilimsahaulisha. Akaizima. Laini ikatafuta, ikazunguka, ikakamata. Dakika mbili zilikuwa zimepita.

Céline alikuwa analia, akimwita kaka yake. "Yaya, baba bamesema yote. Beko banauliza kama ulisikia. Habana tena na nguvu ya kurudilia."

Vital alizisikia pumzi za mzee zikikwaruza, zikingoja.

"Bambie baba nimesikia," alisema. "Neno kwa neno."

Céline alimwinamia baba, akamwambia. Mkwaruzo ukapungua, uso ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Kabla ya saa sita mchana mzee alikuwa amekata roho.

Nyumbani Dorcelle hakuulizia mazishi kwanza. Aliuliza, mkono juu ya tumbo, kama neno lilifunguliwa na kama Vital alilisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Vital akamjibu kama alivyomjibu baba yake.