Kabla ya Kuandika "Hakuna"

Ilikuwa Jumatatu, mvua zikichelewa, nami msichana niliyehitimu juzi tu, nikipanga majarida katika maktaba ya chuo kimoja cha afya mjini Arua. Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii ya maktaba, siku hiyo haijanitoka.

Simu ililia. Alikuwa Candia, tabibu wa zahanati upande wa Midia, Koboko.

"Dada, niko na mutoto hapa. Amelala muzima, ameamka miguu imekakamaa. Homa hakuna, mugongo haijaumia. Mama yake anauliza kama ndugu yake mudogo pia atashikwa. Iko kitu kwa vitabu yenu?"

Utafutaji wetu wa makala kwenye kompyuta, mwanangu, hutegemea orodha ya majina yaliyokubaliwa. Wanaoitunza huamua kila makala ya tiba ikae chini ya majina gani, na asiyelijua jina hupita kando ya makala asiione. Nilijaribu jina la polio, kisha la kupooza, kisha la uti wa mgongo. Sikumwona mtoto wa namna ile. Nikaanza kumwandikia Candia: Hakuna.

Mama Ayikoru, mkuu wa maktaba, alikuwa amesimama nyuma yangu na chai yake.

"Hakuna iko wapi? Wewe umemaliza dunia yote?"

"Nimetafuta, Mama."

"Umetafuta miguu. Uliza hii watu wanakula nini."

Mtandao wa Midia ulikuwa umekatika. Nilimpata Candia Alhamisi. Alinieleza kwamba ukame ulikuwa umeharibu maharage, na familia ile ilikuwa ikila muhogo mchungu mtupu, tena ukilowekwa usiku mmoja tu, kwa kuwa njaa haikuwaruhusu kungoja. Nikiwa bado kwenye simu, nilitafuta kwa jina la muhogo, kisha la sumu yake. Makala yakajitokeza, yakieleza miguu ile ile, na jinsi muhogo unavyopaswa kulowekwa hadi ulainike. Yalikuwa humo miaka yote. Nilianza kumsomea.

"Dada, ngoja," alisema. "Mudogo ameanguka asubuhi ya leo."

Miguu ya namna hiyo hairudi ilivyokuwa. Sina faraja ya kukupa hapo, wala sijaitafuta tena.

Ninachoweza kukupa ni hiki. Usiandike "hakuna". Andika maneno uliyotafutia na mahali ulipoishia, ili mwingine aanzie hapo. Uliza habari za jiko la mgonjwa kabla ya kuuliza mashine. Mungu akujalie masikio yenye subira, na akuepushe na simu kama ile.

Wiki chache baadaye niliwaandikia watunzaji wa orodha:

"Waheshimiwa, naomba chini ya jina la kupooza muweke neno la kumwelekeza msomaji kwenye muhogo. Tabibu haanzi na sumu asiyoijua. Huanza na miguu, kwa sababu ndiyo iliyo mbele yake. Mbele ya tabibu mmoja wa Koboko, sasa ni miguu minne."