Chuo Kisichofunguliwa Shavu

Juzi nilipanga foleni Posta hapa Kisumu, nyuma ya mama muuza samaki wa Asembo Bay na kijana wake aliyevaa tai. Kijana alikuwa anatuma maombi kwa chuo kimoja cha ng'ambo, akasomee digrii ya biashara. Wakimkubali, ng'ombe wote wa nyumbani watauzwa.

"Hii pesa ya leo ni ya nini?" mama akauliza.

"Ya wao kusoma maombi yangu tu, Mama."

"Wakikukataa, watarudisha?"

"Hapana."

Mama akaichukua bahasha ya maombi, akaifunua kwa kidole gumba na kuchungulia ndani, vile wanunuzi wake wanavyofungua shavu la samaki kuona kama bado ni jekundu, samaki hajaoza.

"Miaka hii yote nauza samaki, ngege wa ziwani, hakuna mtu amenilipa kabla hajafungua shavu. Hawa wanalipwa hata samaki asipotoka majini?"

Kijana akainamisha kichwa. Karani akaacha kugonga mihuri. Nikajua safari imekufa.

Mama akailamba bahasha, akaifunga, akaibandika kwenye kaunta kwa kofi. "Tuma. Hao watu wanajua biashara."

Tulicheka sote, hata kijana. Nina cheti changu cha chuo ukutani, na sijawahi kusikia chuo kikipimwa vizuri hivyo.

Mlangoni alimshika mwanawe tai, akainyoosha polepole. "Soma yote, nyathina, mwanangu. Lakini ukirudi kuuza kwetu, acha watu wafungue shavu."